Koti Lililolowa Mvua ya Uwemba

Mpendwa Deo,

Najua hukutarajia barua kutoka kwangu, tena iliyo wazi hivi hata mkeo anaweza kuisoma. Soma tu, haina ubaya.

Ulianza kuja kibandani kwangu Makambako mwaka ule ulipoanza kuleta viazi kutoka Uwemba. Mzigo ukishashushwa, ulikaa kwenye benchi langu ukinywa chai na kunisimulia baridi ya kwenu, mimi nikishona. Nilikuwa mgeni kutoka Kondoa, sina ndugu mji mzima. Nikajikuta naishi kwa kungoja Jumanne zako.

Jumanne moja ulivua koti ili nikubadilishie zipu. Nikalitundika msumarini, nikajikaza, nikasema, "Deo, nakupenda."

Uliweka kikombe chini taratibu. "Dada Mwajuma, nina mchumba. Yuko Ludewa."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Ukaondoka na shati tu. Tangu siku hiyo viazi vyako alivileta mtu mwingine.

Yaliyofuata sikuwahi kukwambia. Koti lako lilianza kulowa. Makambako jua linawaka, upepo unapeperusha vumbi, nalo linachuruzika maji. Siku nyingine viwiko vilikuwa na udongo mwekundu, siku nyingine linanukia moshi wa kuni. Jirani yangu Mama Shani, muuza chapati, aliligusa akarudisha mkono haraka. "Mwajuma, hili limetoka mvuani sasa hivi!"

Hivyo nikajua lini unalima na lini unaota moto. Nikajidai kwamba inanitosha. Nikawa nafunga kibanda mapema, naenda nalo nyumbani, naliweka kwenye kiti, naliandalia sahani. Nguo za wateja zikarundikana. Sikukuu ya Idd Mama Shani alinialika chakula, nikamwambia nina mgeni.

Kisha Jumamosi moja vilitoka vigelegele mfukoni mwa koti. Vigelegele, Deo, na ngoma, na sauti yako ikicheka. Nililia mpaka vikakoma. Halafu nikanawa uso, nikakaa kwenye cherehani, nikaweka zipu mpya.

Jumatatu nilipanda basi la Njombe, nikafika Uwemba mvua inanyesha. Wewe ulikuwa shambani. Mkeo alinipokea kwa salamu ya kwenu, "Kamwene, dada, karibu ndani," akanipa viazi vya moto hata kabla hajaniuliza jina. Nilipomkabidhi koti alishangaa.

"Mbona alisema lilipotea?"

"Halikupotea. Fundi ndiye aliyechelewa."

Akacheka. Nilimpenda, nikasikitika kidogo kwamba nimempenda.

Sikukusubiri. Niliposhuka Makambako nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Shani, nikamwambia ukweli: siku ile ya Idd sikuwa na mgeni yeyote.

"Najua," akasema, akanisogezea kigoda.

Sijutii kukupenda, na wala sioni haya. Ninachojutia ni miezi ile niliyojifungia ndani na mikono ya koti nikidhani ni mikono yako. Upweke bado huja jioni jioni, ila sasa siupakulii chakula.

Nasikia ukifika mjini unapita barabara ya nyuma. Acha hayo. Pita mbele ya kibanda changu, nisalimie kwa sauti. Nitaitika, nitakuuliza hali ya mkeo, kisha nitaendelea kushona.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi, fundi wako,
Mwajuma