Brashi imemwagikia kikwembe cha Mama Odile

Jumapili, Kalemie

Upepo unatoka ziwani tangu asubuhi, na mchanga umeingia mpaka kwenye meza yangu ya kazi. Nimefunga dirisha, nikakaa ndani na hasira zangu.

Niseme moja kwa moja: niko na wivu. Wivu wa Noella.

Noella alijifunza picha kwangu. Ni mimi niliyemwonyesha kwenye kompyuta namna ya kuchukua brashi na kupandisha mwangaza mahali pamoja tu, usoni kwa mfano, bila kugusa sehemu nyingine ya picha. Hakujua hata kulainisha ukingo wa brashi. Sasa toka Lubuye mpaka Kataki, kila anayeoa anamwita yeye. Mimi wananiita kwa picha ndogo za vitambulisho.

Siku mdogo wangu Riziki alipotolewa mahari, tulipiga picha sote wawili: mimi kwa sababu ni kaka yake, Noella kwa sababu bwana harusi alimwalika. Walikuwa bado hawajachagua nani atapiga picha za ndoa kanisani. Nilijua picha za siku ile ndizo zitakazoamua. Na ndoa yenyewe ni ya mdogo wangu wa tumbo moja.

Basi nikafanya kazi kama mwendawazimu. Picha kubwa ni ile ya wamama wa pande mbili, wote wamevaa kikwembe kimoja cha kijani chenye maua ya njano. Mama yetu ndiye aliyewagawia, ili ionekane tumekuwa familia moja. Kila uso nikaupitishia brashi. Hapa kwetu watu wanapenda kutoka weupe kwenye picha, na mimi nawapa. Kwa Mama Odile, mama wa bwana harusi, nikazidisha. Nilitaka anipende. Nikapandisha mwangaza, nikapandisha tena, nikafurahi.

Leo kabla ya misa nikaitupa ile picha kwenye grupu ya familia zote mbili, mbio mbio, ili nimtangulie Noella.

Tulipotoka kanisani grupu ilikuwa inawaka. Mama Odile alikuwa ametuma sauti. Hakupiga kelele, aliongea pole pole, na hiyo njo ilikuwa mbaya zaidi: "Nauliza tu, Mama Riziki. Siku ile sikuangalia vizuri, leo nimeona. Wengine wote kikwembe chao kimekolea, changu mimi kimepauka. Mulinipatia cha aina ingine? Mungeniambia tu."

Nikaikuza picha. Brashi ilikuwa imemwagika. Imetoka shavuni, imeshuka shingoni, imeenda begani mpaka kifuani, na kile kijani kimekuwa kama cha nguo iliyofuliwa miaka. Mashangazi wa upande wao walishaanza kuandika: kama njo hivi kabla ya kanisa, baadaye itakuwaje? Riziki alikuwa analia jikoni. Mama hakunitazama.

Ningeandika maneno machache tu, kwamba ni kosa langu. Nilishika simu. Lakini Noella yuko kwenye ile grupu, angesoma.

Sikuandika.

Aliandika yeye. Akatuma picha yake ya wamama wale wale, nyuso kama Mungu alivyoziumba, vikwembe vyote rangi moja, ukuta wa nyuma tu ndio ameupunguzia mwangaza. Chini akasema: "Mama Odile, ile ya kwanza ni mwanga wa mulangoni ulikupiga. Kikwembe ni kimoja, angalia hapa."

Mwanga wa mlangoni. Anajua vizuri kwamba ni brashi. Alinifunikia kosa langu mbele ya watu wote, na sijawahi kumchukia kama nilivyomchukia dakika ile.

Mama Odile akacheka, yakaisha. Mchana Riziki akaja kukaa karibu yangu. "Yaya, kaka yangu, kwenye ndoa ni Noella atapiga. Weye utakaa na sisi, uvae shati ya kikwembe kama wengine." Alisema vizuri, mkono wake begani kwangu. Nikaitika.

Tangu hapo ninaikuza picha ya Noella, pembe kwa pembe, ninatafuta kosa. Nataka hata moja dogo. Nyuso hakuzigusa kabisa, isipokuwa uso mmoja. Pembeni, kwenye kivuli cha mlango wa jikoni, nimesimama mimi, kamera shingoni. Kivuli kile kilikuwa kizito, hakuna mtu angeniona. Amenipitishia brashi. Kidogo tu, ukingo laini, haikumwagika hata kwenye kola ya shati.

Wamama wote wanacheka. Mimi simtazami Riziki, simtazami mtu yeyote wa nyumbani. Ninamtazama Noella, na macho yale ni mabaya. Aliyaona. Haiwezekani kufanyia uso kazi hivyo bila kuyaona. Akaniongezea mwanga tu.

Siku ya ndoa atanielekezea tena kamera. Nitamwonyesha uso gani?