Mwiko Wako Uko Mezani

Mama Tumaini, shoga yangu,

Huko uliko najua hukai bure, maana wewe na kukaa bure mlikuwa hamsalimiani. Mimi ndiye ninayekaa. Nakaa Upanga, ghorofa ya tano, kwenye kochi ambalo ukilikalia linakumeza. Upendo wangu ndiye kapanga nyumba hii. Si nilikwambia yule mtoto ana kichwa? Meneja sasa! Ana ofisi yake na mlango wake. Walinzi wa hapa wananiita mama bosi.

Ila sipumui, mwenzangu.

Wiki mbili baada ya kukuzika, Upendo alikuja Kariakoo na gari, akasimama mbele ya jiko letu la mama lishe. "Mama, umenisomesha kwa moshi. Basi, inatosha." Mama Zuhura akalia kwa furaha pale kwenye vitumbua vyake. Na mimi, unaujua mdomo wangu, nikatangaza mtaa mzima: "Mwenzenu nimemaliza kazi duniani!" Sasa narudije?

Hapa nikishika ufagio, Upendo ananinyang'anya huku anacheka. Nikiingia jikoni, "Mama, pumzika." Asubuhi nasimama dirishani nyuma ya nondo, naangalia watu wanaenda kazini, najaribu kusali ile sala yetu. Unakumbuka? Kabla hatujawasha mkaa, tunaweka mikono juu ya sufuria tupu, unawataja mmoja mmoja. Wabeba mizigo na migongo yao. Mafundi cherehani na macho yao. Hata yule mwenye duka aliyekuwa akitufokea kwa moshi: "Mlainishe, Baba, na umpe wateja." Mama Zuhura anaitikia amina kutoka upande wake, anasema Mungu ni mmoja. Nikikuhimiza ufupishe, unanikata: "Yesu alishika randa miaka mingi kuliko aliyohubiri. Unadhani alikuwa anapoteza muda?"

Hapa haitoki. Nitamwombeaje mbeba mizigo nikiwa kwenye kochi? Nilikuwa nawaombea kwa sababu nilikuwa mwenzao.

Jumapili iliyopita kanisani ilikuwa sala ya wafanyakazi. Mchungaji akasema kila mtu ainue kifaa chake cha kazi. Mikasi ikapanda, misumeno, chaki ya mwalimu. Mimi, nisionekane sina kitu, nikaingiza mkono kwenye mkoba nikainua nilichokishika. Funguo za nyumba. Watu wakanishangilia, "Hongera, Mama Upendo!" Mchungaji akaomba Bwana abariki kazi ya mikono hii. Nikatabasamu, shoga. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Jana kapiga simu Mama Zuhura. Sehemu yetu kuna mtu anaitaka, yeye ataishikilia mpaka Jumatatu tu. "Bibi wewe, rudi, au sema hurudi tujue!"

Ule mwiko wako, alionipa Tumaini siku tulipoanua matanga, nilikuwa nimeuficha chini ya godoro kama mwizi. Leo asubuhi nimeutoa. Nimeuweka pale Upendo anaponywea chai, kati ya kikombe na mkate. Naandika huku namsikia anaoga. Akitoka atauona, na mimi itabidi niseme.

Naogopa. Mtoto hana kosa. Nani alimwambia tangu mdogo, "Soma, usije ukaishia jikoni kama mimi"? Mimi. Kila siku, mbele yako, na wewe ulikuwa unanikata jicho ukiendelea kusonga ugali. Sikukuelewa. Nilimfundisha mwenyewe kuionea haya kazi iliyomlea, sasa ananitoa kwenye aibu niliyomchorea. Hilo ndilo nitakalomwambia kwanza, kabla ya habari za jiko.

Lala, shoga yangu, umesimama vya kutosha. Jumatatu, akifurahi au akinuna, nitakuwa pale. Nitaweka mikono juu ya sufuria tupu niwataje wote, sitaruka hata mmoja, na nitamwongeza meneja mmoja. Sitafupisha.

Maji bafuni yamenyamaza.

Wako,
Mama Upendo