Grisi Niliyosema Imetoka

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Tangu tukulaze kaburini kule Mpwapwa huu ni mwaka wa pili, na bado sijui kuanza kuzungumza nawe kwa namna nyingine. Barua hii naiacha wazi makusudi, wenzetu wa karakana waisome, na yeyote aliyewahi kulisema vibaya jina lako aisome pia.

Kabla hujanipa Eliza nilikuita Fundi, nawe uliniita Mkonze, jina la kijiji chetu, kwa sababu siku ya kwanza nilikuja uwanja wa ndege na vumbi la kwetu hadi kwenye nyusi. Nilikuwa na darasa la saba na ufundi kidogo wa magari, basi. Ukanisimamisha mbele ya ile ndege ndogo ya kupeleka wauguzi vijijini, ukashika propela yake. "Hii si pangaboi ya hotelini," ukasema. "Haya mapanga matatu yanajigeuza yakiwa hewani, yanalala au yanasimama kadiri rubani anavyotaka. Yote yameshikwa na kitovu hiki hapa. Kikikauka, hakuna gereji mawinguni."

Ukanifundisha kukipa kitovu grisi. Kila panga lina matundu mawili. Unafungua kizibo cha upande mmoja, unasukuma grisi kwa pampu upande wa pili, polepole, mpaka uione ikichungulia kwenye lile tundu ulilofungua. Mimi nilikandamiza pampu kama ya trekta. Ulinipiga kofi la bega!

"Mkonze! Unashindilia pumba kwenye gunia? Mgeni umemwingiza mlango wa mbele, wa nyuma umeufunga, atatokea wapi? Atabomoa ukuta!"

Ukuta ndio ile sili, mpira wa duara ulio ndani, unaozuia grisi isitoroke kwenye shina la panga.

Tangu hapo kazi hiyo tuliifanya wawili. Mmoja anasukuma, mwingine anainama upande wa pili na kusema, "Imetoka." Miaka mingi, Baba, vichwa vyetu karibu vigusane, ukininong'oneza habari za mbuzi wako.

Halafu nikamwoa Eliza. Adabu ya kwetu unaijua kunizidi: mkwe na mkwe hawabanani mabega, wala hawasimamiani kichwani kukosoana. Ukaanza kusimama mlangoni mwa karakana. Nikawa nasukuma mwenyewe na kuzunguka kutazama mwenyewe, wewe unauliza kwa mbali. Wenzetu walitucheka, "Fundi, umeozesha binti au umepata askofu?" Tulicheka nao. Hakuna aliyeona kwamba lile jicho la pili lilikuwa limeondoka.

Sasa nifike pale ninapoona aibu kufika. Harusi ilikuwa haijamaliza mwezi. Panga la kwanza na la pili niliyafanya vizuri. La tatu, kizibo sikukifungua. Nilihisi mpini wa pampu ukiwa mgumu, nikaulalia. Kisha ukalegea ghafla mkononi mwangu. Nilijua, Baba. Watu wangesema nilisahau, na kweli kizibo nilikisahau, lakini ule mpini ulipolegea nilijua kabisa nimebomoa nini.

Ukauliza kutoka mlangoni, "Imetoka?"

Nikaona aibu, mkwe mpya, kukuambia nimeharibu. Nikajibu, "Imetoka, Baba."

Ukaja na kalamu, hukuinama kutazama, maana kuinama kungekuwa kusema mkwe wako ni mwongo. Ukatia saini kwenye daftari la ndege.

Kesho yake ndege ilirudi kutoka vijijini na grisi imetapakaa kioo kizima cha mbele. Ndani walikuwamo muuguzi na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Rubani alitua akichungulia kioo cha pembeni. Mungu aliwashika, mimi sikuwashika.

Injinia wa karakana akatuita. "Nani alipiga grisi?"

Ulinitazama kidogo tu, ukasema, "Saini ni yangu."

Nami nikainamisha macho. Watu walidhani ni adabu ya mkwe. Ulikuwa woga.

Wakasema macho yako yamechoka, wakakupumzisha. Ukarudi Mpwapwa kwa mbuzi wako, na muhuri wa ukaguzi baadaye nikapewa mimi. Kila Krismasi nilikuja na sukari na vitenge vya mama, nikakaa upande wa pili wa ua kama ilivyo desturi, na desturi ile ikanifaa sana. Ilinipa mahali pa kujificha. Siku ya mazishi nikapewa kusoma wasifu wako, nikasoma kwa sauti, "Aliacha kazi kwa sababu ya macho." Nilisoma vizuri. Wakanisifu.

Jumamosi iliyopita nilimwambia Eliza. Alikuwa anapepeta karanga. Nilimaliza yote, ungo ukabaki magotini mwake bila kutikisika.

"Kwa hiyo baba hakukosea?"

"Hakukosea."

"Mimi nimekuwa nikimwombea," akasema. "Miaka yote hii, kwamba Mungu amsamehe kwa uzembe uliotaka kuua watu. Na mama vilevile, kila akipiga magoti. Mume wangu, umetufanya tumsemee baba uongo mbele za Mungu."



Jumatatu nilikwenda kwa injinia nikamweleza. Aliuchukua muhuri, akaniambia nikasubiri nyumbani mpaka niitwe. Sijui kama nitaitwa. Ameahidi kuandika kwenye kumbukumbu za ndege kwamba kosa halikuwa lako. Nimetubu kanisani pia, lakini nimegundua kutubu kwa Mungu kulikuwa rahisi kwangu, maana Yeye alikuwa anajua tayari. Aliyebaki ni mama mkwe, ambaye hajui.

Kesho napanda basi la Mpwapwa. Unajua mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye mambo mazito bila mtu wa kati. Mtu wa kati sitamchukua. Nitakaa mbele yake, nimtazame, niseme kwa mdomo wangu nilichokifanya. Akinifukuza, nitasimama nje ya ua mpaka awe amesikia lote, ili jioni akipiga magoti ajue ni nani wa kuombewa.

Pumzika, Baba. Jina lako ni safi.

Mimi mkweo,
mume wa Eliza