Jogoo Uliyempelekea Mwalimu

Mwaka umetimia, Gaspari, mume na baba yetu, tangu ulipotutoka hapa Mgori, Juni 1976.

Ulitoka Burundi na jembe moja, mke na watoto wawili. Shamba la ujamaa hukulikosa hata ukiwa na homa, na waliokuita mgeni uliwaezekea nyumba zao.

Lakini shule uliiogopa. Kiswahili chako kilikuwa cha kuokoteza, ukaona watakucheka. Mwalimu mkuu alimwita mzazi wa Anastazia mara mbili, hukwenda. Mkeo Febronia alikukumbusha kuwa mtoto yuko darasa la saba. Ukamjibu kuwa kwenu baba hamhoji mwalimu kazi yake, humpelekea heshima. Ukamfunga jogoo miguu, ukampa binti yako ampeleke.

Mwalimu mkuu huyo, Alute, alimrudisha jogoo mbele ya shule nzima. "Mwambie baba yako hapa hatuli rushwa." Kuanzia hapo watoto wakamwita Anastazia Mama Jogoo, naye akagoma kwenda shule.

Siku ya nne ulivaa koti, ukaenda mwenyewe. Febronia alikufuata nyuma, akihofu mtafukuzwa kijijini.

"Shikamoo, mwalimu," ulisema.

"Mzee, mimi ndiye wa kukuamkia," alisema yule kijana, akakupa kiti.

Ukamwambia, "Mimi maneno sina. Jogoo ilikuwa heshima. Mtoto hana kosa."

Mwalimu akaeleza kuwa alikuita uthibitishe jina na mwaka wa kuzaliwa, binti aandikishwe mtihani. Orodha ilikuwa imekwenda Singida siku mbili kabla, bila Anastazia. Mlikwenda hadi Singida mjini wewe na mwalimu. Orodha haikufunguliwa tena.

Tangu siku hiyo hukukosa kikao cha wazazi. Ulikaa mbele, ukauliza, wakacheka, ukauliza tena.

Wazazi wenzetu mliohamia kutoka mbali, mkiitwa shuleni nendeni siku hiyohiyo. Msimtume mtoto. Laurian, mdogo wake Anastazia, yuko darasa la sita sasa. Wiki iliyopita Febronia aliitwa, akaacha sufuria mekoni.

Anastazia analima. Aliona ulivyokuwa ukimkwepa macho mezani hadi ulipotutoka. Anaomba tuandike alichochelewa kukuambia: Baba, sina kinyongo.

Unakumbukwa na mkeo Febronia, wanao Anastazia na Laurian, na mdogo wako Melkizedeki. Humu nyumbani hutasahaulika daima.