Zoezi la Bi Mahfudha

Stambuli, 9 Mfunguo Nne 1329

Kwa Bi Mahfudha, mke wangu na binti ami,

Baada ya salamu nyingi, mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Unataka kunifuata, basi jifunze Kituruki kwanza, majirani zangu hawajui lugha nyingine. Yaseme haya ukipika: *Ekmek alıyorum*, nanunua mkate. Ukikataa, tia *m* katikati: *almıyorum*, sinunui.

Mumeo, Mohdhar

Amu, Mkomani, 2 Mfunguo Sita

Kwa Bwana Mohdhar,

Sisi hatujambo, na mama kikohozi kimemwacha. Kituruki nasema na kuku, maana dada Hadia akinisikia hucheka mpaka akakaa chini. Nimeshona nguo nzito mbili. Nije lini?

Mkeo, Mahfudha

Stambuli, 20 Mfunguo Nane

Kwa mke wangu,

Nashukuru mu wazima, mimi pia. Hizi barua nne za katikati umezijibu vizuri, safari imekaribia. Zoezi la leo linakili kwa wino, utie jina lako, na mashahidi wawili watie yao. Wanafunzi wa huku ndivyo wafanyavyo. Maana nitakueleza ukifika.

*Evimi kocama veriyorum. İsterse satar.*

Usikawie.

Mumeo, Mohdhar

Amu, Mkomani, 3 Shaabani

Kwa Bwana Mohdhar,

Sisi sote wazima, nawe natumai u mzima.

Zoezi sikungoja kuelezwa. Nilizitandaza barua zako sakafuni, nikatafuta neno moja moja tangu alasiri mpaka magharibi. *Nampa mume wangu nyumba yangu. Akitaka atauza.*

Nyumba hii baba alinijengea nilipoolewa, kama kila binti wa Mkomani, na wewe uliingia kwangu na sanduku moja. Hayo umeyasahau huko? Ungeniomba kwa Kiswahili huenda ningekupa, kwa vile nilivyokupenda. Hili limeniuma sana.

Nimeandika kwa hati nzuri, kama ulivyotaka: *Evimi kocama vermiyorum.* Simpi. Shahidi wa kwanza ni ami Jeilani, baba yako. Alitaka aelezwe maana kabla ya kutia jina, nikamweleza. Akaomba wino.

Nguo nzito nimempa Hadia, azifumue afanye mito. Nakuomba talaka yangu. Ilete kwa mkono wa baba yako. Amesema ataipokea yeye.

Binti ami yako, Mahfudha