Nafula Haachi Kazi

Mama Nafula,

Salamu kutoka Umoja. Mimi ni mzima kuliko vijana wa huku. Naandika kwa mkono wangu, herufi zikipinda laumu hii kadi ya posta isiyo na bahasha.

Mwambie ndugu yangu Wekesa kwamba ule ujumbe wake sitaufikisha. Eti kukaa na wanafunzi wa chuo kikuu waliolemewa na mawazo si kazi, Nafula aiache? Aje aifanye yeye siku moja!

Mimi niliiharibu kwa dakika moja. Jumatatu nilimngoja Nafula nje ya ofisi yake, msichana akatoka akipangusa machozi. Jioni tukiwa sokoni tunachagua mboga ya mrenda, msichana yuleyule akapita bila salamu, na Nafula hakumsalimu. Nikapaza sauti, "Wewe! Si ulikuwa unalia kwa ofisi ya binti yangu?" Soko lote likageuka. Msichana akakimbia.

"Baba," Nafula akasema, "huku nje simsalimu mpaka anisalimu yeye. Sasa asiporudi?"

Ule mrenda nikauacha palepale sokoni.

Leo nimerudi pale nje ya ofisi ya Nafula, nikageuza kiti nikatazama ukuta. Vijana wakacheka, "Niaje mzee, umepewa adhabu?" Mimi niliyebishana na chifu mpaka akachoka, nikaendelea kutazama ukuta. Kisha viatu vikasimama nyuma yangu.

"Mzee wa sokoni, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Sijakuona," nikauambia ukuta.

Akaingia kwa Nafula, mlango ukafungwa.

Wekesa anune akitaka. Lakini wewe nakusalimu mbele ya watu wote, hata karani wa posta asome: nimekukumbuka sana.

Mzee wako