Jina la Bibi Aliyebeba Risasi

Guangzhou, Ijumaa, Machi 1998

Unyevu wa majira haya umerudi. Kuta zinatoka jasho, shuka hazikauki.

Kesho kuna khitma chumbani kwa Nassoro, kijana wa Kizanzibari anayenunua nguo za jumla katika soko la Shisanhang. Anamsomea baba yake, na kwa adabu aliniambia, "Bibi, nitajie na marehemu wako tuwaombee, kila mtu kwa jina lake." Nikamtajia baba, mama, mume wangu. Babu nikamtaja kwa jina lake na la baba yake.

Kwa bibi mzaa baba nikakwama.

Na habari zake ninazijua. Babu alikuwa askari wa Mjerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, bibi alimfuata kutoka Tabora mpaka ng'ambo ya Ruvuma, kama wake wengi wa askari. Alibeba chungu, mkeka na mchi. Wapagazi walipotoroka, akatwikwa sanduku la risasi. Jioni askari wakipumzika, yeye alitwanga. Alijifungua njiani, na kulipokucha akaendelea na safari.

Vitabu vya vita vile nimesoma vingi. Humo maofisa wana majina, na mbwa wa mmoja wao pia. Wanawake ni "wake wa askari", basi.

Leo nikampigia simu Dada Mwajuma, Tabora. Katika waliomwona bibi, amebaki yeye tu.

"Mchina wetu! Hujaanza kula nyoka?"

"Bado, dada. Hebu niambie, bibi aliitwa nani?"

"Mama Hamisi."

"Hilo la mtoto. Lake mwenyewe?"

"Ah! Mtu mzima umwite jina lake, huna adabu?" Akacheka. Kisha akashusha sauti. "Sijui, mdogo wangu. Hata babu alimwita hivyohivyo."

Hamisi ndiye yule aliyezaliwa njiani. Hakufika Ruvuma. Walimzika kando ya njia, msafara haukusimama. Baba yangu alizaliwa baadaye, lakini kwetu mama huitwa kwa jina la mzaliwa wa kwanza, na halibadilishwi.

Nimelia, mimi na mvi zangu.

Kesho nitamwambia Nassoro amsomee Mama Hamisi. Na Hamisi pia, maana sidhani kama yupo aliyewahi kumsomea.

Lakini bibi, miaka yote ile, kila walipokuita kwa jina la Hamisi, uliwezaje kuitika?